Msimu wa hoki ya barafuni wa OHL: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wazazi, walezi na mashabiki wanaofuatilia Ligi ya Hoki ya Ontario (OHL), Kanada. Maswali ya mwanzo ni ya msingi, ya mwisho ni ya hali za pekee. Kama kijana wako yuko karibu kuingia ligi hii, usiruke sehemu ya shule na mkataba, kwa sababu huko ndiko familia nyingi huchelewa kuuliza.

## Msingi

OHL ni ligi ya namna gani?

Ni mojawapo ya ligi tatu kuu za hoki ya vijana Kanada. Nyingine ni WHL ya upande wa magharibi na QMJHL ya Quebec na majimbo ya Atlantiki, na zote tatu ziko chini ya mwavuli wa CHL, shirika la hoki ya vijana Kanada. OHL ina timu 20: 17 za Ontario, mbili za Michigan (Saginaw na Flint) na moja ya Erie, Pennsylvania.

Wachezaji wengi wana miaka 16 hadi 19. Kila timu inaruhusiwa kuwa na watatu tu wa miaka 20, kwa hiyo kila vuli kuna vijana wazuri wanaoachwa kwa sababu ya umri na si kwa sababu ya kiwango. Mtoto wa miaka 15 huingia kwa kibali maalumu tu, na vibali hivyo ni vichache mno: John Tavares alikipata mwaka 2005, Connor McDavid mwaka 2012.

Mechi inachezwaje?

Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia, hivyo mechi nzima huchukua kama saa mbili na nusu. Timu huvalisha wachezaji 20: 18 wa uwanjani na makipa wawili. Barafuni huwa sita kwa wakati mmoja: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanabadilishana bila mchezo kusimama, kila kundi likikaa barafuni sekunde 40 hadi 50 hivi. Anayekaa zaidi ya hapo miguu humwishia, na mabao mengi ya kizembe hufungwa na timu iliyochelewa kubadilisha.

Kinachochezewa ni kisahani cha raba chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde.

Kwa nini refa anasimamisha mchezo wakati hakuna aliyeumizwa?

Mara nyingi ni kwa moja ya sababu mbili. Ya kwanza ni kuotea: mchezaji ametangulia kuvuka mstari wa bluu wa wapinzani kabla ya kisahani. Ya pili ni kupiga kisahani kutoka nusu yako hadi kivuke mstari wa goli wa upande wa pili. Hapo mchezo unarudishwa karibu na goli lako, na timu yako hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Adhabu hiyo ya kubaki na watu waliochoka ni nzito kuliko inavyoonekana.

Kwa kosa dogo mchezaji hutolewa dakika 2 na timu yake hucheza pungufu. Wapinzani wakifunga, anarudi. Kosa kubwa ni dakika 5, naye hukaa zote hata wakifungwa mabao matatu.

## Kalenda ya msimu

Msimu unaanza na kuisha lini?

Kambi za mazoezi hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Msimu wa kawaida huanza nusu ya pili ya Septemba na kuisha nusu ya pili ya Machi. Kila timu hucheza mechi 68. Mtoano hufuata hadi katikati ya Mei, kisha Kombe la Memorial mwishoni mwa Mei au siku za kwanza za Juni. Kijana ambaye timu yake inafika mwisho anaweza kucheza zaidi ya mechi 90 kwa miezi tisa, huku akiwa na mitihani ya shule.

Mechi ni siku zipi?

Nyingi huchezwa Alhamisi hadi Jumapili ili shule isivurugike. Matokeo yake ni wikendi za mechi tatu ndani ya siku tatu, na hapo ndipo majeraha ya misuli huongezeka. Usafiri ni wa basi. Timu ya Sault Ste. Marie ndiyo yenye safari ngumu kuliko zote: jirani yake wa ndani ya Ontario ni Sudbury, kama kilomita 300, na Toronto ni karibu kilomita 700.

Kwa nini timu hudhoofika kuanzia Krismasi?

Kwa sababu mbili zinazokuja pamoja. Mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20 huanza 26 Desemba na kuendelea hadi siku za mwanzo za Januari, na nyota huitwa timu zao za taifa. Baada ya hapo, mapema Januari, dirisha la kuhamisha wachezaji hufungwa. Timu inayotaka ubingwa hununua wachezaji wa miaka 19 na 20 kwa kutoa nafasi zake za kuchagua vijana wapya katika uteuzi wa miaka ijayo. Timu isiyo na matumaini huuza. Timu uliyoiona Novemba inaweza kuwa nyingine kabisa Februari. Kuhusu kijana anayehamishwa, tazama sehemu ya hali za pekee.

## Jedwali, mtoano na makombe

Pointi zinahesabiwaje?

Ushindi ni pointi 2, hata ukipatikana katika muda wa nyongeza. Kufungwa ndani ya dakika 60 ni sifuri, lakini anayefungwa katika muda wa nyongeza au kwa penalti hupata pointi 1. Katika msimu wa kawaida, muda wa nyongeza ni dakika 5 za watatu kwa watatu, na bao la kwanza linamaliza mechi. Katika mtoano hakuna penalti: vipindi vya dakika 20 vinaendelea, watano kwa watano, hadi bao lipatikane, hata kama ni usiku wa manane.

Timu ngapi huingia mtoano?

Nane za juu kutoka Mashariki na nane kutoka Magharibi. Kila upande una makundi mawili ya timu tano, na vinara wa makundi hupewa nafasi ya 1 na ya 2 moja kwa moja. Kwa hiyo timu ya pili katika kundi gumu inaweza kuwekwa ya tatu hata ikiwa na pointi nyingi kuliko kinara wa kundi jingine. Usishangae ukiliona jedwali limepangwa hivyo.

Raundi ni nne, na kila moja inahitaji ushindi wa mechi nne. Bingwa hupewa Kombe la J. Ross Robertson.

Kombe la Memorial ni nini, na kwa nini asiye bingwa anaweza kulichukua?

Lilianzishwa mwaka 1919 kuwakumbuka wanajeshi wa Kanada waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi hushindaniwa na timu nne: mabingwa wa OHL, WHL na QMJHL, pamoja na mwenyeji, ambaye nafasi yake haitegemei alimaliza wapi. Kila timu hucheza na nyingine zote. Wa kwanza huenda fainali, wa pili na wa tatu hucheza nusu fainali.

Mwaka 2024 mwenyeji alikuwa Saginaw. London Knights, timu ya London, Ontario, walikuwa wamewatoa katika mtoano wa OHL, lakini walipokutana tena katika fainali ya Memorial, Saginaw walishinda 4–3. London walirudi na kulitwaa mwaka 2025 huko Rimouski.

## Kuingia kwenye ligi

Kijana huingiaje OHL?

Njia kuu ni uteuzi wa kila mwaka, unaofanyika msimu wa kawaida ukishaisha. Wanaoteuliwa ni vijana wanaomaliza mwaka wao wa U16 (chini ya miaka 16), hasa ngazi ya AAA, ya juu kabisa katika umri huo. Raundi ni 15, majina kama 300 huitwa, na timu zilizofanya vibaya huchagua kwanza. Wengi wa walioteuliwa hawatacheza hata mechi moja ya OHL, kwa sababu kila timu huwa na nafasi chache tu za vijana wa miaka 16. Kuteuliwa raundi ya 12 ni mwaliko wa kambi. Usiache kazi wala kuhama mji kwa ajili yake.

Asiyeteuliwa bado anaweza kualikwa kambini, au akacheza ligi ya Junior A, ngazi iliyo chini ya OHL, karibu na nyumbani kisha akaitwa akiwa na miaka 17 au 18.

Mtoto wangu alizaliwa Bukavu. Anahesabiwa mchezaji wa kigeni?

Kijana anayeishi Ontario na wazazi wake na kusajiliwa katika klabu ya huko hupitia uteuzi wa kawaida kama wenzake, popote alipozaliwa. Uteuzi wa wageni ni wa vijana wanaotoka nje ya Kanada na Marekani, na nafasi zao ni chache sana kwa kila timu. Kwa sehemu kubwa huchukuliwa na Wazungu kutoka nchi kama Ucheki, Slovakia na Ufini. Nairobi kuna uwanja wa barafu katika Hoteli ya Panari, nyumbani kwa timu ya hoki ya Kenya Ice Lions, ila ni mdogo kuliko wa kawaida wa mita 61 kwa 26. Anayetoka huko atahitaji miaka kadhaa ya uwanja kamili kabla ya kufikiria ngazi hii.

Wapo Weusi waliopitia ligi hii?

Wapo, na si wachache. Wayne Simmonds alichezea Owen Sound, P.K. Subban Belleville, Quinton Byfield Sudbury, naye Byfield akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa 2020 wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Willie O'Ree, Mweusi wa kwanza kucheza NHL tarehe 18 Januari 1958, alipoteza karibu uwezo wote wa kuona wa jicho la kulia alipopigwa na kisahani akiwa kijana katika timu ya Kitchener, na akaendelea kucheza.

Matusi ya rangi yapo pia, na hayavumiliki. Kijana akitukanwa, amwambie refa na kocha papo hapo, siku hiyo hiyo. Mzazi aandike maneno yaliyosemwa, dakika ya mchezo na majina ya waliosikia, kisha atume kwa klabu na kwa ligi. Adhabu zipo, lakini malalamiko ya wiki mbili baadaye yasiyo na shahidi hayafiki mbali.

Binti anaweza?

Taya Currie, kipa, aliteuliwa na Sarnia mwaka 2021, msichana wa kwanza katika historia ya uteuzi wa OHL. Hata hivyo njia iliyo imara kwa wasichana ni ligi zao za Ontario, kisha vyuo vya Kanada au Marekani. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza Januari 2024, kwa hiyo sasa kuna mahali pa kufika.

## Maisha, shule na pesa

Kijana wa miaka 16 ataishi wapi?

Kwa familia mwenyeji iliyochaguliwa na klabu, kama timu iko mbali na kwao. Klabu huilipa familia hiyo kiasi cha kusaidia chakula na malazi. Kabla hajahama, mzazi azungumze na familia yenyewe, si na klabu pekee, kuhusu mambo yafuatayo: vyakula asivyokula, ibada, saa ya kurudi usiku, nani atampeleka hospitali, na kama kuna mbwa ndani. Jambo la mbwa linaonekana dogo hadi siku ya kwanza.

Shule inakuwaje?

Walio katika umri wa sekondari huandikishwa shule ya mji wa timu, na klabu huwa na mshauri wa masomo. Muhimu zaidi ni udhamini wa chuo: kwa kila msimu anaocheza OHL, kijana hupata mwaka mmoja wa karo, ada za lazima na vitabu katika elimu ya juu. Hii ndiyo mali halisi ya mkataba kwa familia nyingi, maana wachache sana wataishi kwa hoki.

Soma vifungu vyake kabla ya kusaini. Angalia udhamini unakuwa wako lini hasa, muda wa kuanza kuutumia baada ya kuacha ligi, na lini unafutika ukisaini mkataba wa kulipwa. Majibu yote yawe kwenye karatasi yenye saini. Ahadi ya mdomo haina nguvu.

Wanalipwa mshahara?

Hapana, wanapata posho. Vifaa, safari na malazi hulipiwa na klabu. Gharama kubwa ya familia huwa kabla ya hapo: msimu mmoja wa U16 AAA ni maelfu ya dola. Mashirika ya KidSport na Jumpstart husaidia ada za usajili kwa familia zenye kipato kidogo. Omba miezi kadhaa kabla ya msimu, fedha zao huisha.

Na Ramadhani?

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, wakati timu zinapigania nafasi za mtoano. Zingatia saa. Mechi nyingi za usiku huanza saa 1. Mwanzoni mwa Machi jua la kusini mwa Ontario huzama kama saa 12 na robo jioni, hivyo kijana anafuturu kwa tende na maji chumba cha kuvalia, kabla ya kuingia barafuni. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, na magharibi inahamia karibu saa 1 na robo usiku, ndani ya kipindi cha kwanza. Hapo tende ziwe kwenye benchi, na kocha awe ameambiwa mapema.

Tatizo kubwa zaidi ni mazoezi ya mchana, kwa sababu ya maji. Omba mazoezi mazito yapunguzwe au yasogezwe, na daku iwe na wanga wa kutosha, kama uji mzito au viazi, pamoja na maji ya kunywa kidogo kidogo badala ya lita nzima kwa mkupuo. Makocha wa Ontario hawaoni jambo hili kuwa geni: Nazem Kadri, Mwislamu aliyezaliwa London, Ontario, alichezea Kitchener na London kabla ya kutwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mwaka 2022.

## Vifaa na usalama

Viatu vya barafuni vinahitaji nini?

Namba yake huwa ndogo kuliko ya kiatu cha kawaida kwa 1 hadi 1.5, kidole gumba kiguse mbele kidogo ukisimama wima, na kisigino kisicheze. Wazazi hununua vikubwa ili vidumu, na mtoto anaishia kupinda vifundo vya miguu na kujifunza vibaya.

Makali hunolewa kwa mfereji katikati ya chuma. Mviringo wa milimita 13 hivi ni wa kawaida. Mfereji wenye kina zaidi hushika barafu sana lakini hupunguza kasi. Ukikanyaga saruji bila kifuniko, makali yanachimbika na kijana anateleza upande mmoja bila kujua sababu. Baada ya mchezo futa chuma, toa soli za ndani, na usivirudishe vifuniko vya plastiki vigumu kwenye chuma chenye maji, kitapata kutu. Vifaa vyote vianikwe. Begi lililofungwa likiwa na unyevu huzaa harufu na maambukizi ya ngozi.

Kinga ya shingo ni lazima?

Ndiyo, katika OHL na hoki ya watoto Kanada. Ligi nyingi duniani ziliiweka kuwa lazima baada ya mchezaji Adam Johnson kufariki Oktoba 2023 huko Sheffield, Uingereza, alipokatwa shingo na kiatu cha mchezaji mwingine. Kinga hiyo hupunguza hatari ya kukatwa. Haizuii mshtuko wa kupigwa.

Kikumbo kinaruhusiwa kuanzia umri gani? Na ngumi?

Kikumbo, yaani kumgonga kwa mwili mwenye kisahani, huanza U15 (chini ya miaka 15), na hapo tu kwenye ngazi zinazokiruhusu. Kupigana ni kosa la dakika 5 katika OHL, na anayerudia mara nyingi hufungiwa mechi. QMJHL ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023: anayepigana anatolewa nje mechi nzima.

Amegonga kichwa lakini anasema yuko sawa. Arudi mchezoni?

Asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali. Sheria ya Ontario ya 2018, maarufu kama Rowan's Law, inataka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mara moja na asirudi hadi daktari amruhusu. Kurudi ni kwa hatua, kuanzia shughuli nyepesi hadi mazoezi ya kugusana, na kila hatua huchukua angalau saa 24. Dalili zikirejea, anarudi hatua moja nyuma. Kichwa kuuma, kukerwa na mwanga, kusahau mazungumzo ya jana na hasira zisizo za kawaida ni dalili. Vijana huzificha ili wasipoteze nafasi, kwa hiyo familia mwenyeji nayo izijue.

## Hali za pekee

Kijana amehamishwa Januari. Shule je?

Anahamia mji mpya ndani ya siku chache, mara nyingi muhula wa kwanza ukielekea ukingoni. Siku hiyo hiyo mpigie mshauri wa masomo wa klabu zote mbili, uombe nakala ya alama, na uulize kama mitihani inaweza kufanyiwa shule mpya. Udhamini wa chuo pia uthibitishwe kwa maandishi na klabu inayompokea.

Amechaguliwa na timu ya NHL. Kwa nini amerudi OHL?

Kuchaguliwa huipa timu hiyo ya NHL haki juu yake tu. Kijana wa miaka 18 au 19 aliyesaini anaweza kucheza hadi mechi 9 za NHL bila mwaka wa kwanza wa mkataba kuhesabiwa. Ya 10 inauanza. Kwa miaka mingi pia, makubaliano ya NHL na CHL yamezuia vijana wa aina hii wasipelekwe AHL, ligi ya kulipwa iliyo chini ya NHL, kabla ya miaka 20, isipokuwa wamemaliza misimu minne. Ndiyo maana wengi hurudi Oktoba.

Akicheza OHL, ataruhusiwa vyuo vya Marekani?

Tangu 1 Agosti 2025, ndiyo, mradi hajalipwa zaidi ya gharama halisi na za lazima. Zamani hata mechi moja ya CHL ilifunga mlango wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Gavin McKenna wa Medicine Hat, timu ya WHL, alikwenda chuo cha Penn State mwaka huo huo. Ushauri wowote ulioandikwa kabla ya Novemba 2024, kanuni hii ilipopitishwa, umepitwa na wakati.

Amezaliwa Oktoba. Kwa nini wenzake wameingia uteuzi wa NHL na yeye hapana?

NHL hutazama nani amefika miaka 18 ifikapo 15 Septemba. Aliyezaliwa 16 Septemba au baadaye husubiri mwaka mmoja, ingawa katika OHL anahesabiwa pamoja na wa Januari wa mwaka wake. Kuna faida: anaonekana msimu mzima zaidi kabla ya kuchaguliwa.

Hana uraia wa Kanada bado. Atavuka mpaka kwenda Erie, Flint na Saginaw?

Ukazi wa kudumu wa Kanada peke yake hautoshi kuingia Marekani. Mwenye pasipoti ya Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza, na mkimbizi anayetumia hati ya kusafiria vilevile. Miadi ya viza inaweza kuchukua miezi na masharti hubadilika, kwa hiyo anza mara tu jina lake linapoitwa kambini, na uiambie klabu wazi. Ina uzoefu wa barua za mwaliko na ratiba. Aliye chini ya miaka 18 asafiri na barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili, yenye tarehe za safari na namba ya simu inayopokelewa usiku, nakala moja kwake na nyingine kwa meneja wa timu.